Mstari wa Jina la Mama

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kijistari chekundu. Kilikuwa kimesimama kwenye kioo cha kompyuta ya dirishani, chembamba kama unyasi, kikiwaka na kuzimika. Nilikuwa nafagia. Watoto walikuwa wamekwenda kunywa uji, na Mwalimu Vitalis alikuwa nje akiongea na simu. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa mashine ile. Hata hivyo kijistari kikaanza kutembea, na nyuma yake yakatoka maneno.

"Habari Editha. Leo kwetu mvua imenyesha."

Nikasimama na ufagio wangu. Kijistari kikasita kama mtu anayefikiri. Kikarudi nyuma, kikaongeza neno: "imenyesha sana". Kisha kikatulia, kikiwaka na kuzimika, kikisubiri jibu.

Nilimaliza kufagia nikarudi jikoni. Sikumwambia mtu.

Naitwa Namunyak. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa napika uji katika shule moja ya msingi hapa Mikumi, pamoja na Mama Hildegarda. Yeye ndiye mkubwa wa jiko. Anapenda kusema, mimi sipendi, kwa hiyo tulielewana. Alikuwa akiniambia, "Wewe Namunyak, hata ukiungua moto utaomba ruhusa ya kulia." Watoto waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mimi nilicheka kwa kuinama.

Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Shirika moja lilileta mashine sita na modemu, shule yetu ikaunganishwa na shule nyingine ya upande wa Kilosa, maeneo ya Chanzuru. Kila mtoto wa darasa la tano wa kwetu alipewa mwenzake wa kule. Wawili hao walikuwa na ukurasa mmoja kwenye mtandao. Huyu akiandika hapa, yule anaona kule papo hapo, na anaweza kuendeleza, kurekebisha au kuuliza. Wote walikuwa wanatunga kitabu kimoja cha habari za nyumbani kwao. Waliandika kwa zamu, kila Jumanne na Alhamisi baada ya uji. Mwisho wa yote kurasa zilizokamilika zingechapwa, na watoto wa Kilosa wangeletwa kwa basi kuwaona wenzao na kwenda kutazama wanyama mbugani. Upande mmoja usipoandika, ukurasa unafutwa, na yule wa kule hapandi basi. Ndivyo walivyopanga.

Mwezi wa tatu Editha alianguka kwenye mpera akavunjika mkono wa kulia. Kesho yake Mwalimu Vitalis alikuja jikoni.

"Mama Hildegarda, niazime huyu binti nusu saa."

"Nikuazime? Asubuhi ulimchukua akufagilie, sasa unataka na kumwoa kabisa?"

"Nataka akaandike."

Mama Hildegarda aliacha kukoroga. "Huyu? Kusema hasemi, ataandika?"

"Wasiosema ndio wanaoandika," Mwalimu akasema. Akanigeukia. "Zamu za kuni pale mlangoni ameandika nani?"

"Mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mwandiko mzuri kuliko wangu. Ulifika darasa la ngapi?"

"La tano tu. Sikulimaliza," nilisema nikiutazama moto.

"Na wale ni la tano. Mwenzake Editha anasubiri kule, wiki tatu zikipita bila jibu wanamwondoa. Andika wewe mpaka mkono upone. Editha atakuambia la kusema, wewe ndiye vidole."

Siku ya kwanza Editha alikaa pembeni yangu, mkono umefungwa shingoni, akaniambia la kusema. Siku ya pili akaenda kucheza. Mimi nikabaki peke yangu na kijistari changu, cha bluu, kilichoandikwa "Editha" juu yake. Chekundu kilikuja kikasimama chini ya changu. Juu yake kulikuwa na jina ambalo siku ile ya ufagio sikulitazama: Naeku.

Akina Naeku ni wengi kwetu. Ni jina la mtoto aliyezaliwa alfajiri.

Akaandika, polepole, nami nikasoma neno kwa neno:

"Sisi hatulimi. Sisi ni wafugaji. Mama ana ng'ombe wake anaitwa Nanyokie kwa sababu ni mwekundu. Pembe yake moja inaangalia chini. Hatoi maziwa mpaka mama amwimbie."

Nikaondoa mikono kwenye kibodi nikaiweka mapajani.

Pembe ile niliiona ikivunjika. Tulikuwa tunavuka korongo, Nanyokie akateleza kwenye jiwe, pembe ikapinda na ilipopona ikabaki inaangalia chini. Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliosha damu kwa maji ya moto huku akimwimbia wimbo uleule wa kukamulia.

Kijistari chekundu kiliendelea.

"Nina dada huko Mikumi. Anaitwa Namunyak. Alikwenda kusoma nikiwa mdogo, sura yake siikumbuki. Mama anasema sasa yuko sekondari, atakuwa mwalimu. Wewe unamfahamu?"

Lazima nieleze hapa, kwa sababu hilo la sekondari nililisema mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu baba alitaka niache shule nikae na ndama. Mama hakubishana naye. Alimwambia kwamba mdogo wake wa Mikumi amejifungua na anahitaji msichana wa kubeba mtoto. Baba akakubali. Kumbe mama alikuwa amempa mdogo wake huyo ndama wa kwanza wa Nanyokie, ili aninunulie sare na kuniingiza shule huku, nimalize darasa la saba. Asubuhi ya kuondoka mama alikuwa anakamua. Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe. Alisema bila kuinua kichwa, "Usirudi mpaka umemaliza." Nilitaka kumjibu. Niliona aibu kwa sababu Naeku alikuwa ananivuta shuka, na kwa sababu nilikuwa nalia. Nikaondoka bila kujibu.

Mama mdogo aliuza ndama akafungua meza ya shanga na dawa za mizizi pale mabasi yanaposimama. Alisema nitaingia shule mwakani, kisha mwaka mwingine. Mimi sikuuliza. Mtu mwingine angeuliza. Alipohamia Dar es Salaam akaniacha na chumba, na shule ikanichukua kupika uji. Basi nikawa shuleni kila siku, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya mwalimu yeyote.

Alikuwako mzee wa kwetu, Sempele, aliyekuwa akija mnadani na ng'ombe. Kila alipokuja aliniuliza, "Mama yako anauliza, unasoma?" Nami nilijibu, "Mwambie nasoma." Mwaka wa tatu nilisema, "Mwambie nimefaulu." Baadaye Sempele akafuata malisho kusini, na hakuja tena mtu wa kuniuliza. Nyumbani sikwenda. Aliniambia nisirudi mpaka nimemaliza, na mimi nilikuwa sijamaliza chochote.

Basi nikawa nimekaa mbele ya kioo, na mdogo wangu ananiuliza kama najijua. Nyuma yangu watoto walikuwa wanasukumana. Mwalimu Vitalis alisema, "Namunyak, mwenzako anasubiri, au vidole vimelala?"

Nikaandika: "Simfahamu. Mikumi ni kubwa."

Kijistari chekundu kikasita. Kisha: "Sawa. Ukimwona mwambie Nanyokie amezaa."

Baada ya siku ile nilianza kuishi kwa Jumanne na Alhamisi. Uji niliupika mapema mno, mpaka Mama Hildegarda akalalamika kwamba watoto watakunywa ukiwa na ngozi juu. Nilikuwa naoga mara mbili. "Huyu ana mchumba ndani ya kompyuta," alimwambia mwalimu wa zamu, nami nilikimbilia stoo.

Nilimuuliza Naeku mambo mengi. Kwa kuwa kitabu kilikuwa cha habari za nyumbani, hakuna aliyeshangaa. Mnalala wangapi? Maziwa mnauza wapi? Mama yako anapenda nini?

"Mama anapenda nimsomee," aliandika. "Hajui kusoma. Mwalimu Urbanus ananichapia karatasi ya maneno yako naenda nayo nyumbani. Mama anasikiliza akikamua. Anasema Editha ana maneno ya mtu mzima. Anasema nikuulize leo umekula nini."

Nilisoma mstari ule mara tatu. Mama alikuwa anasikia maneno yangu. Miaka sita sikumtumia neno la kweli hata moja, na sasa maneno yangu yalikuwa yanasomwa kwa sauti ya Naeku, karibu na ubavu wa Nanyokie, na mama alikuwa ananijibu bila kujua ni nani.

Nikaandika: "Mwambie nimekula ugali na mlenda. Mwambie nimeshiba."

Siku ile nilimuuliza Mama Hildegarda tukiwa tunaosha masufuria. Nilizunguka sana. "Mama, mtu akimdanganya mama yake miaka mingi, halafu akataka kusema ukweli, anaanzaje?"

Akanitazama, masizi mpaka viwikoni. "Nani huyo?"

"Mtu."

"Basi mwambie huyo mtu aseme. Hasira ya mama ni kama povu la uji, linapanda utadhani litamwagika lote, ukipunguza moto linashuka." Akanirushia kipande cha gunia. "Na mwambie asugue chini pia, siyo kuegemea sufuria kama bwana shamba."

Nikakata shauri. Naeku angekuja Mikumi kwa basi mwezi wa tisa. Ningemshika mkono, ningemwambia ana kwa ana, na yeye angenipeleka kwa mama. Kwenye ukurasa sikutaka. Ukurasa ule walimu wa pande zote mbili walikuwa wanausoma, na pale mimi nilikuwa Editha. Ndivyo nilivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba niliona haya, kama kawaida yangu, na mwezi wa tisa ulikuwa mbali kwa namna inayopendeza.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya mwezi wa sita Naeku aliandika: "Mama kifua kinamsumbua. Anasema akipata nafuu ataomba naye apande basi, aje amtafute dada."

Nikaandika: "Mpe pole. Mwambie apone." Kengele ikalia. Nilitaka kuongeza neno, lakini kijistari chekundu kilikuwa kimeshaondoka.

Shule ilifunguliwa mwezi wa saba. Mkono wa Editha ulikuwa bado haujanyooka vizuri, nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Wiki ya kwanza Naeku hakuonekana. Wiki ya pili hakuonekana. Nilifikiri ni ndama, au homa, au mto umejaa, ingawa mwezi wa saba mito haijai.

Wiki ya tatu alikuja. Hakusalimia.

Siku hiyo Mwalimu Urbanus wa kule alikuwa ameweka jedwali juu ya kila ukurasa, kwa ajili ya kuchapa kitabu. Jina la mtoto. Kijiji. Jina la baba. Jina la mama. Kazi ya wazazi. Chini aliandika kwa herufi nzito: "Jedwali lijazwe leo. Ukurasa wenye nafasi wazi hautachapwa, na mwanafunzi hatakwenda Mikumi."

Nilijaza upande wa Editha kwa haraka, wazazi wake nawafahamu. Kisha nikakaa kutazama upande wa Naeku. Kijistari chekundu kilijaza jina. Kikajaza kijiji. Kikajaza jina la baba, Kimaren. Kikafika kwenye mstari wa nne, kikasimama. Kikauruka. Kikaandika kazi: kufuga. Kisha kikarudi kwenye mstari wa nne, kikakaa pale, kikiwaka na kuzimika.

Pembeni likatokea neno la Mwalimu Urbanus: "Naeku, jaza jina la mama."

Kijistari hakikusogea.

"Naeku, muda."

Hakikusogea. Mwalimu Vitalis aliangalia saa akasema, "Dakika tano, jamani, vocha ya modemu inakwisha."

Mtu yeyote wa kwetu angeiona ile nafasi wazi akaelewa. Hata mtoto mdogo wa kwetu angeelewa. Mimi niliiona kama mwanafunzi anavyoiona, kitu cha kujaza. Nilidhani amesahau jinsi linavyoandikwa, na anaona haya kumuuliza mwalimu wake, kwa kuwa hata mimi ningeona haya. Nilidhani basi litamwacha. Nikapeleka kijistari changu cha bluu kwenye mstari wa nne, karibu kabisa na chake, nikamwandikia jina la mama yetu.

Ni herufi sita. Niliziandika vizuri, kwa furaha hata, maana sikuwahi kuliandika mahali popote. Hapa siliandiki.

Kijistari chekundu kikalifuta. Herufi moja, nyingine, nyingine, kuanzia mwisho, mpaka nafasi ikawa wazi.

Nilifikiri amekosea kubonyeza. Nikaliandika tena.

Akalifuta tena, safari hii kwa mara moja.

Nikaliandika mara ya tatu. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuelewa, lakini vilikuwa vimeshaanza kuandika.

Akalifuta. Mahali pale pa jina akaandika: "Huyo hatajwi tena."

Kwetu mtu akifa jina lake linakwenda naye. Watoto wake hawalitamki, jirani mwenye jina kama hilo hubadilishiwa, na ukilazimika kumtaja unasema yule aliyekuwa, au mama wa fulani. Kulitamka ni kumwita aliyekwisha kupumzika, na ni kuwapiga walio hai kwenye kidonda. Mimi nililiandika mara tatu, mbele ya mdogo wangu, mbele ya darasa zima la kule lililokuwa linatazama.

Kijistari chekundu kiliandika tena, kwa haraka, bila kusita kama alivyozoea.

"Editha kwa nini unanifanyia hivyo. Na jina umelijuaje? Mimi sijawahi kukuambia."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Niliweka vidole kwenye kibodi, na kijistari changu kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Naeku alikuwa ananisubiri. Najua alikuwa ananisubiri, kwa sababu chekundu hakikuondoka.

Vocha ikaisha. Kioo kikaganda, vijistari vyote viwili vikiwa vimesimama.

"Haya, tumalizie hapo," Mwalimu Vitalis akasema.

Nikarudi jikoni. Mama Hildegarda alinitazama mara moja tu, akaninyang'anya mwiko. "Kaa," akasema. "Nani amekufanya nini?"

"Moshi, mama."

"Moto umezimika tangu saa nne."

Kwetu binti akifiwa na mama yake hunyoa nywele na kuvua shanga. Shanga nilivua nikaziweka kwenye kikopo cha chumvi. Nywele sikunyoa, maana wangeniuliza umefiwa na nani, lini, nani amekuletea habari. Nilipika uji kesho yake, na kesho kutwa. Watoto walisema una chumvi.

Alhamisi ile Editha aliruhusiwa kutumia mkono wake, akarudi kwenye kiti chake. Nilikuwa nafagia kibarazani, nikamsikia. "Mwalimu, huyu Naeku hanijibu. Nimemsalimia mara nne."

"Msalimie ya tano."

Hakujibu ya tano. Naeku hakuandika tena neno lolote kwenye ukurasa ule, na baada ya wiki tatu jina lake liliondolewa kwenye orodha ya basi, kama walivyopanga.

Basi lilikuja mwezi wa tisa. Tulipika pilau siku hiyo. Watoto wa Kilosa waliteremka na sare zilizopigwa pasi, wakawa wanaitana majina na wa kwetu, "Wewe ndiye Samson? Mbona mfupi, kwenye kompyuta unaandika kama jitu!" na kukumbatiana kama ndugu waliopoteana. Nilijua hayumo. Hata hivyo niliangalia kila msichana aliyeshuka mlangoni, nikatafuta masikio ya mama yangu.

Mwalimu Urbanus alikuja kuchukua chakula mwisho, baada ya watoto. Mtu mpole, mwenye miwani. Nilimpakulia. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu. Yule mtoto Naeku hakuja?"

"Marahaba. Naeku gani? Wa wafugaji? Ah." Akashusha sahani. "Mama yake alifariki kwenye likizo, mwezi wa sita. Kifua. Mtoto alijitahidi kurudi, wiki moja hivi, halafu akaacha. Baba yake amehamisha ng'ombe, wamekwenda kusini, Lindi sijui. Nilikwenda mwenyewe pale kwao kumfuata. Boma wameliacha, miiba tu na jivu." Akatikisa kichwa. "Alikuwa na akili sana. Mama yake alikuwa akija mpaka dirishani kwangu kudai karatasi za mtandao. Hajui a wala be, lakini anadai karatasi." Akanitazama. "Ulikuwa unamfahamu?"

Nilikuwa na kijiko cha pilau mkononi. Mama Hildegarda alikuwa amesimama nyuma yangu, ameacha kupakua.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Nilisikia jina tu."

Akashukuru kwa chakula, akaenda kukaa na wenzake.

Baadaye, watoto wakiwa mbugani, nilikwenda kufagia chumba cha kompyuta. Mwalimu Vitalis alikuwa anapanga karatasi za kitabu. Alisema, kama anayeongea na mashine zake, "Huu wa Editha na Naeku hautachapwa, lakini sijaufuta. Nimewaambia kule nao wasiufute. Vitu hivi haviozi, bwana. Yule mtoto akipata kompyuta mahali popote, hata huko Lindi, akikumbuka neno lake la siri, akiufungua atakuta kila kitu kama alivyokiacha." Akafunga kabati. "Ukimaliza zima swichi ya ukutani."

Akatoka. Nilizungusha ufagio kidogo. Kisha nikaketi kwenye mashine ya dirishani, nikaufungua ukurasa. Naijua njia yake.

Jedwali lipo juu. Kwenye mstari wa nne pameandikwa yale maneno yake, na sikuyagusa. Nilishuka chini, nikapita ugali na mlenda, nikapita Nanyokie amezaa, mpaka nikafika kwenye swali lake la mwanzo. Chini yake kuna jibu langu: Simfahamu, Mikumi ni kubwa. Kijistari kilikuwa kimoja tu, cha bluu, na juu yake bado kimeandikwa "Editha".

Nikaandika nikisoma kwa sauti, kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu na kwa kuwa nilikuwa sijawahi kulisema.

Namfahamu, Naeku. Ni mimi. Sikusoma, napika uji. Editha hakukutukana, ni mimi niliyekuwa nakuandikia siku zote zile, na jina lile nililiandika kwa sababu nilidhani mwenyewe bado yupo wa kuitika.